Miguu ya Zubaida

Mwanamke aliyefungwa hina hana mikono. Hilo ndilo lililoifanya nyumba ya Asabe, pale kwetu Rijiyar Lemo, mjini Kano, iwe nyumba ya vitabu. Ukishapakwa, mikono yako inatiwa kwenye mifuko ya nailoni, miguu nayo vivyo hivyo, na unakaa mkekani tangu adhuhuri hadi alasiri kama mzigo uliosahauliwa stendi. Huwezi kufukuza nzi, huwezi kula kosai, zile bajia za kunde, ila ulishwe, huwezi kufunua ukurasa. Unachoweza ni kusikiliza na kusema. Basi anatafutwa msomaji mmoja mwenye mikono yake, na wengine wakishasikiliza wanasema mpaka kuta zichoke.

Msomaji alikuwa Zulai, aliyeachika mara mbili akiwa bado kijana, na ambaye shule aliiacha akiwa karibu kumaliza sekondari. Alijua kugeuza sauti. Mwanamume alimsomea kifuani, mama mkwe alimsomea puani. Vitabu vilitoka soko la Sabon Gari, vile vyembamba vya mapenzi na ukewenza, vyenye picha ya waigizaji jaladani na namba ya simu ya mtunzi mgongoni, ili msomaji akikasirika ampigie. Na Kano tunakasirika. Mtunzi akimuua kijana mzuri katika sehemu ya kwanza, sehemu ya pili inabidi asingizie kwamba alizimia tu.

Asabe mwenyewe hakuwa mtu wa kutoa maoni. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye vidole vyekundu mpaka kwenye vifundo vya mikono. Alikata utepe kwa meno, akaubandika kwenye ngozi ya mteja vipande vipande, kisha akapaka hina juu yake. Utepe ukibanduliwa baadaye, palipofunikwa panabaki peupe na nakshi inajitokeza. Kabla ya hapo mteja haoni ila vipande vya utepe, na anayejua kilichochorwa ni fundi peke yake. Wateja wake wengi hawakulijua hata jina lake. Walimwita Mama Hina, naye aliitika.

Mwaka huo kitabu kilichokuwa midomoni mwa watu kilikuwa Subira ya Zubaida. Kila nyumba ya harusi uliyoingia, mtu alikuuliza umefika wapi. Zulai alipoileta sehemu ya kwanza, uani kulikuwa na bibi harusi mmoja na shoga zake, na Hajiya Tabawa, mke wa mfanyabiashara wa ngozi, mwanamke wa mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi, aliyekuja kupaka kila mwezi hata kama hakuna harusi.

"Soma, mwanangu," Hajiya Tabawa alisema. "Mimi kwangu redio imeisoma nusu, umeme ukakatika. Nimelala na hasira."

Zulai akasoma. Zubaida alikuwa msichana mpole wa kitabuni, mwenye macho ya swala, anayeolewa mke wa pili. Wifi yake anampeleka kupakwa hina kwa fundi hodari kuliko wote mjini, jina lake Saude. Saude anaishika miguu ya bibi harusi, anaisifu, anamwambia: "Mumeo ana bahati. Kwa miguu hii, mke wa kwanza atasahau hata mlango wa chumba cha mume ulipo." Hajui maskini kwamba huyo mke wa kwanza ni yeye.

Uani palilipuka. Bibi harusi alicheka mpaka akakohoa. Hajiya Tabawa alipinduka ubavu, na kwa kuwa hakuwa na mikono ya kujiinulia, alibaki vile vile amelala, akiendelea kucheka na machozi yanamtoka.

"Ewe Saude," alisema kutoka chini. "Umempaka kishiya wako, mke mwenzio, kwa mkono wako mwenyewe."

Asabe alikuwa na kipande cha utepe kati ya meno. Hakukikata. Maneno yale ya mlango wa chumba aliyajua, kwa kuwa aliyasema yeye, nyumbani kwake mtaa wa Gwammaja, miaka mingi iliyopita, akiwa na mtoto mgongoni. Waliokuwepo walikuwa watu watatu tu: yeye, wifi yake, na msichana aliyejifunika mtandio wa kijani aliyeitwa Hansatu. Akamwomba Zulai kitabu, akatazama jalada. Mtunzi: Hansatu Garba. Akakirudisha na kumalizia mguu aliokuwa ameushika, na nakshi yake haikwenda kombo hata kidogo.

Hasira ya Asabe haikuwa ya kupiga kelele. Kelele alizipiga zamani, zikamgharimu. Siku ile ya Gwammaja mumewe, Garba, aliyekuwa akiuza mabakuli ya enameli, alimwambia jioni kwamba anaongeza mke, na kwamba bibi harusi keshapakwa, na keshapakwa vizuri. Asabe alielewa palepale. Akainuka, akachukua ndoo ya hina iliyobaki, akaimwaga yote ndani ya masanduku ya nguo alizokusanya Garba kupeleka kwa kina Hansatu, leso, hariri na viatu. Alipewa talaka kabla masanduku hayajakauka. Mtoto alibaki kwa baba, kama ilivyo desturi. Alikuwa Sadiya, hata kutembea sawasawa hajajua. Alitolewa mgongoni kwa mama yake na wifi yule yule, kwa kufunguliwa kanga fundo baada ya fundo, huku Asabe amesimama mlangoni na mfuko wake. Baadaye Garba alimkataza asimwone, eti mtoto atachanganyikiwa. Katika miaka yote hiyo alimwona mara moja, msibani, kwa mbali, amesimama nyuma ya Hansatu ameshika birika.

Basi aliyemtwalia mume, akamtwalia na mtoto, sasa alikuwa amemtwalia na aibu yake na kuitia kwenye kitabu ili watu wacheke. Asabe alijiambia: sawa. Nitakusoma mpaka mwisho.

Sehemu ya pili ilitoka kabla ya mvua. Hapo mtunzi alichangamka. Saude alimwaga hina kwenye masanduku, na hilo lilikuwa kweli, Asabe hakulikataa hata moyoni. Kisha Saude akaenda kwa mganga. Kisha akatia kitu kwenye mchuzi wa majani ya mbuyu. Hayo yalikuwa uongo, lakini ni uongo wa kawaida wa vitabu, kila mke mbaya wa kitabuni lazima apitie kwa mganga. Lililofuata ndilo lililomfanya Asabe aache kuchanganya hina. Zulai alisoma kwa sauti ya majonzi: "Saude akamtupa mwanawe kizingitini, akaenda zake bila kugeuka nyuma. Zubaida akamwokota yule mtoto anayelia, akamwambia, kuanzia leo mama yako ni mimi."

"Mwanamke hana huruma yule," alisema bibi harusi wa siku hiyo.

"Sehemu ya tatu lazima awe kichaa," alisema mwingine. "Nataka nimwone jalalani, anakula maganda ya ndizi."

"Kichaa kidogo hakitoshi," Hajiya Tabawa aliamua. "Apate kichaa, apone kidogo ajijue, halafu kimrudie."

Walikuwa wakiyasema haya huku Asabe anawalisha kosai kwa mkono wake, tonge baada ya tonge. Na mawazo yake hayakuwa kwao. Yalikuwa kwa Sadiya, ambaye sasa ni msichana anayejua kusoma, ndani ya nyumba ya mtunzi, vitabu vimejaa sebuleni. Sadiya atasoma kwamba alitupwa. Atamjua mama yake kwa ukurasa ule, na sehemu ya tatu ikitoka atamkuta jalalani.

Wiki hiyo hiyo mtunzi alihojiwa redioni. Akasema kwa sauti laini kwamba mwisho bado hajauandika, kwamba yeye ni mtumishi wa wasomaji wake, wampigie tu, atawasikiliza. Asabe alikuwa anakamua ndimu kwenye hina. Akacheka peke yake kwa mara ya kwanza tangu kitabu kitoke.

Kesho yake, wanawake walipokwisha kufungwa mikono, Asabe alisema, "Zulai, hebu nirudishe kwenye sehemu ya kwanza. Pale kwenye hina."

"Umekipenda eh, Mama Hina? Pale panachekesha."

"Panachekesha. Nisomee mstari unaofuata, baada ya kusifiwa miguu."

Zulai akatafuta, akasoma: "Zubaida akatabasamu ndani ya mtandio wake, kwa kuwa yeye alijua yuko mbele ya nani."

"Kumbe alijua," Asabe alisema, na akaendelea na utepe wake.

Neno hilo lilitosha. Uani watu walilitafuna.

"Alijua?" Hajiya Tabawa aliuliza. "Zulai, rudia."

Zulai akarudia.

"Yaani mtu anakushika miguu, anakuombea heri, na wewe unajua unakwenda kulala na mume wake, na unatabasamu? Mbona mwanzo sikusikia hivyo?"

"Ulikuwa umelala ubavu unacheka, Hajiya," Zulai alimwambia.

"Niache wewe. Huyu Zubaida mbona mnafiki?"

"Ni mdogo bado," bibi harusi alijaribu kumtetea.

"Mdogo gani? Miguu ya kupakwa hina anayo, mdomo wa kusema hana?"

Ukitaka maneno yatembee Kano, yaseme mbele ya mwanamke anayekwenda harusini. Hajiya Tabawa alikwenda harusi tatu Ijumaa ile, na kote aliuliza swali moja: alijua au hakujua? Mafundi wengine wa hina walilisikia na kulipeleka Fagge, Dala, Hotoro. Nyumba zilizokuwa zinamlilia Zubaida zikarudi kufunua ukurasa na kumkuta anatabasamu. Na kila siku Asabe aliongeza kidogo, kipimo cha chumvi. Siku moja aliuliza: "Huyo mtoto aliyetupwa, kwa desturi zetu nani huwa anabaki na mtoto?" Wanawake walioachika walikuwa wengi uani pale, na kila mmoja alikuwa na mtoto kwa baba. Zulai mwenyewe alikuwa na wawili. Alifunga kitabu, akakaa nacho mapajani, kisha akasema polepole, "Mimi sikutupa. Walinifungua kanga." Aliposema hivyo Asabe alimtazama, maana hakujua kwamba si yeye peke yake aliyefunguliwa.

Baada ya hapo hakukuwa na kazi tena ya kusukuma. Wanawake walimpigia mtunzi kutoka uani kwa Asabe, Zulai anabonyeza namba na kumshikia simu sikioni mwenye mikono iliyofungwa.

"Mama, mimi ni msomaji wako," Hajiya Tabawa alikuwa anasema kwa adabu, kisha adabu inaisha. "Nakuuliza, huyo Zubaida wako ana haya? Sikiliza, usinikatie. Saude asiguswe. Ukimpeleka jalalani, mimi kitabu chako nawashia moto wa kupikia, na majivu yake nakuletea."

Hansatu alikuwa amezoea kupigiwa na watu wanaolia kwa mapenzi. Alipigiwa sasa alfajiri, alipigiwa akiwa sokoni. Wauza vitabu nao walimwambia wanawake wanamtaka Saude, na kwamba Zubaida ananuka. Kila mpigaji alipoulizwa ametoa wapi mawazo hayo, alisema amesikia kwa fundi fulani wa hina, Rijiyar Lemo.

Akaja. Alikuja kabla ya adhuhuri amejifunika nikabu, macho tu nje, akasema anataka kupaka mikono na miguu. Asabe alimkaribisha mkekani kama mteja yeyote, akamvua viatu. Kidole cha pili kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza, na kile cha mwisho kimepinda ndani kama kinajificha. Asabe aliwahi kuisifu miguu ile. Akainua macho, akaona macho ya ndani ya nikabu yanamtazama kwa hofu, kisha hofu inapungua polepole, mtu anajiambia: hajanijua.

"Unataka nakshi gani, dada?" Asabe aliuliza.

"Yoyote."

"Niachie mimi basi."

Alichukua muda wake. Alibandika utepe kuzunguka kifundo cha mguu, akateremka nao mpaka kwenye kidole kile kilichopinda. Akapaka hina nzito, akafunga mifuko ya nailoni miguuni, kisha mikononi, akakaza kamba zaidi kidogo kuliko kawaida. Wengine walikuwa wamekwisha kufungwa, Hajiya Tabawa akiwa mbele yao. Asabe akakaa kwenye kigoda chake.

"Zulai," alisema, "mgeni wetu sijui kama amesoma Subira ya Zubaida. Msomee kidogo, naye atuambie maoni yake."

"Nimekisoma," mgeni alisema haraka.

"Vizuri zaidi. Unamwonaje Zubaida?"

"Mimi naona," mgeni alisema, na sauti ilikuwa ile laini ya redioni ila wenzake hawakuitambua, "naona mnamwonea. Alikuwa mdogo. Aliambiwa na wifi yake anyamaze."

"Na akikua?" Zulai aliuliza. "Sehemu ya pili amekwisha kukua. Mbona hakusema?"

"Angesema nini?"

"Angesema samahani. Neno fupi."

"Huyu dada anamtetea," Hajiya Tabawa alisema, akajisogeza kwa makalio mpaka akafika karibu na mgeni. "Ngoja nikuulize, mwenzangu. Wewe una mume?"

"Ninaye."

"Ungekwenda kwa mke wake wa kwanza akupake?"

Mgeni alijaribu kurudisha miguu yake nyuma.

"Hebu jibu. Ungenyoosha mguu wako mapajani kwake, hivi, kama ulivyounyoosha hapa kwa Mama Hina?"

Wanawake walicheka. Mgeni alitaka kujifunika macho kwa nikabu, akainua mikono, ikainuka ile mifuko miwili ya nailoni isiyo na vidole. Akaishusha. Alijaribu kusema ana haraka, watoto wanamsubiri. Asabe akamwambia kwa upole kwamba hina haijakolea, akitoka sasa itatoka mabaka, na watu watauliza nani alimpaka, yeye ataaibika. Kisha akatwaa kosai, akaipenyeza chini ya nikabu, akamlisha.

Walimsomea sehemu ya kwanza na ya pili. Kila Zubaida alipotoa chozi, uani walimzomea. Alipomwokota mtoto kizingitini, Zulai aliacha kusoma, akaeleza kwa maneno yake mwenyewe jinsi mtoto anavyotolewa mgongoni, mkono upi unaanza, fundo lipi ni la mwisho, na jinsi kanga inavyobaki na joto. Hapo hakuna aliyecheka. Mgeni alikuwa ameinamisha kichwa, na nikabu ilikuwa imelowa chini ya macho. Kama unafikiri Asabe alimhurumia, hujamjua. Alikuwa anaona raha. Aliona raha mpaka tumboni, na angeweza kukaa vile mpaka mwisho wa dunia.

Alasiri ilipoadhiniwa, alimfungua wa mwisho, wengine wakiwa wamekwenda kuswali. Akamwosha miguu kwa maji ya vuguvugu, akabandua utepe kipande kimoja kimoja. Nakshi ikatoka. Ilikuwa tawi la mkwaju, lenye vijani viwili viwili, linaanzia nyuma ya kifundo na kuishia kwenye kidole kilichopinda. Asabe alikuwa hajalichora tawi lile kwa mtu mwingine yeyote tangu siku ile ya Gwammaja, alipolichora kwenye miguu hii hii.

Hansatu aliitazama miguu yake. Alipoinua uso hakuwa na haja tena ya kujificha, akashusha nikabu. Alikuwa amezeeka kidogo.

"Ulinijua tangu lini?"

"Tangu ulipovua viatu."

"Asabe, mimi nilikuwa naandika kitabu tu. Watu wanapenda mke mbaya."

"Najua. Mimi pia nilikuwa natoa maoni tu."

Hansatu alitafuta mkoba wake, akatoa pesa. Asabe aliurudisha mkono wake. "Ya mara ya kwanza nililipwa. Hii ni zawadi. Itakukaa mguuni mpaka umalize sehemu ya tatu. Na yule mtoto, Hansatu. Hakutupwa. Uandike."

Sehemu ya tatu ilitoka kabla ya Ramadhani. Saude hakuwa kichaa. Hakukanyaga jalala. Zubaida alikiri mbele ya mji mzima, akapiga magoti, akasema mtoto alitolewa mgongoni kwa mama yake kwa nguvu na baba akakataza wasionane. Redio ikasoma. Kwenye kibanda cha chai Gwammaja, ambako wanaume huwa wanajifanya hawasikilizi vitabu vya wanawake, mtu alimuuliza Garba kwa nini mume wa kitabuni naye anauza mabakuli. Watu wakacheka, akaacha chai yake. Kuanzia siku hiyo walimwita Baba wa Kitabuni, na mwenye kibanda akamtengea kikombe chenye jina hilo.

Ungedhani Asabe alitosheka. Uani walipomuuliza maoni yake, alisema kitabu si kibaya, ila pale pa kupiga magoti pana haraka, mtunzi hakupiga magoti sawasawa. Hajiya Tabawa alimpigia mtunzi papo hapo kumweleza. Simu ziliendelea Ramadhani nzima.

Siku ya tatu ya Idi, asubuhi, Asabe alikuwa ndani anachekecha unga wa hina. Akasikia salamu mlangoni.

"Nani?" aliuliza bila kuinuka.

"Mimi."

"Mimi nani? Leo sipaki mpaka adhuhuri."

"Sadiya."

Alikuwa mrefu kama yeye, na begi la shule begani. Alisema baba yake amemtuma akae mpaka likizo iishe, amesema hataki kusikia tena habari za mtoto wa kitabuni. Asabe alimshika kila mahali, kichwa, mabega, viwiko, akamtia unga wa hina kila alipomgusa, akalia, akapika, akamtazama akila. Msichana alikula kwa heshima kama mgeni.

Walipokwisha, Asabe hakuweza kujizuia. Alikuwa amelingojea hilo kuliko lolote.

"Umekisoma kile kitabu?"

"Sehemu zote tatu."

"Na ulimpenda nani? Useme kweli. Mimi na wasomaji tunabishana kila siku hapa."

Sadiya alifikiri. "Hakuna."

"Hata Saude?"

"Saude anachekesha. Lakini wote wanamsema yule mtoto tu, mtoto hivi, mtoto vile, nani alimtupa, nani alimwokota. Yeye mwenyewe hasemi neno. Vitabu vitatu, Mama. Hana hata jina."

Asabe aliondoa sahani iliyokuwa kati yao.

"Nilimpigia mtunzi," Sadiya alisema. "Sehemu ya pili ilipotoka. Nilichukua simu ya baba, namba yake imefichwa, nikampigia kutoka chumba cha pili. Nikamwambia mimi ni msomaji, naomba yule mtoto umpe jina. Akaniuliza napiga kutoka wapi. Nikamwambia Katsina. Akasema asante mwanangu, nitalifikiria. Nilikuwa namsikia kwenye simu na ukutani."

"Hakukujua?"

"Nimekaa naye maisha yangu yote. Hakuijua sauti yangu."

Asabe alifungua mdomo ili acheke. Hilo lilikuwa kubwa kuliko tawi la mkwaju, kubwa kuliko kikombe cha Garba, na Hajiya Tabawa angelipeleka Kano nzima kabla ya swala ya magharibi. Alikuwa karibu kumwita Zulai aje asikie. Ndipo akakumbuka kwamba asubuhi ile, msichana aliposalimu mlangoni, yeye mwenyewe alikuwa ameuliza, nani.